Sauti ya Bi Arafa

Pale Kaloleni, ukitaka nyimbo kwenye flashi unaenda kwa Jabiri. Unampa flashi, anakopi, unasepa. Watu wakamwita Fundi. Na yeye akaamini.

Nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta ya mezani, ya zamani. Kila Ijumaa baada ya swala, baba mkwe wake, Mzee Abdulsalam, alikaa mbele ya kompyuta hiyo. Hafidha, mke wa Jabiri, alimfungulia sauti ya marehemu mama yake, Bi Arafa. Ilirekodiwa siku ya harusi ya Hafidha na Jabiri. Nakala nyingine hakuna.

Ijumaa moja wakawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe tu. Wakazima, wakawasha. Yale yale.

"Imekufa?" Mzee akauliza.

"Haijafa, baba. Inataka kupigwa windo tu," Jabiri akajibu.

Ndivyo mtaani wanavyoita kuweka mfumo mpya, ile programu kubwa inayoendesha kompyuta. Jabiri akaenda kibandani kwake anakokopia nyimbo, akakopi faili la mfumo kwenye flashi kama anavyokopi taarabu. Akarudi, akachomeka, akawasha. Wapi! Akabadilisha tundu. Akapuliza flashi. Akaipiga kompyuta kofi.

"Nipige na mimi basi, labda nitaimba," Hafidha akasema. Halafu macho yakamlowa. "Jabiri, mama yangu yumo humo."

Akatoka kumgongea Nashilu, binti aliyetoka kijiji cha Oldonyo Sambu, mpangaji wa chumba cha pili. Nashilu anafundisha kompyuta. Akaja na laptop yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitibie mgonjwa wangu."

Nashilu akaangalia flashi. "Shemeji, umeweka nini humu?"

"Mfumo si huo? Nimekopi wote!"

"Umekopi kama wimbo. Wimbo unasubiri kompyuta iamke ndiyo uimbe. Flashi hii ndiyo inatakiwa kuiamsha. Lazima iandaliwe na programu yake maalumu. Na ukiiandaa, vilivyomo vyote vinafutika. Tumia flashi tupu."

Akachukua flashi tupu, akaiandaa kwenye laptop. Wakachomeka, wakawasha. Maandishi meupe yale yale.

"Eee, mwalimu! Na wewe imekugomea!" Jabiri akacheka.

"Subiri wewe. Inaanza kutafuta mfumo kwenye diski yake ya ndani. Inabidi tuiambie ianze na flashi."

Akaizima. Alipoiwasha tu, akabonyeza F12 mfululizo. "Nyingine ni F9 au Esc. Soma kioo inapowaka, huwa imeandikwa." Yakatokea majina ya mahali pa kuanzia. Akachagua la flashi. Kioo kikajaa rangi.

Yakaja machaguo mawili: jaribu kwanza, au weka mfumo. Kidole cha Jabiri tayari kiko kwenye kitufe.

"Weka, dada! Tufute diski yote, ianze safi!"

"Na Bi Arafa?"

Jabiri akarudisha mkono kama ameshika sufuria ya moto.

"Tunajaribu kwanza," Nashilu akasema taratibu. "Hapa mfumo unafanya kazi kutoka kwenye flashi, diski haiguswi. Tuombe tu diski yenyewe ni nzima."

Akaifungua. Faili la sauti lipo. Akalikopi kwenye flashi nyingine, akalikopi na kwenye laptop yake.

"Lisikilizeni kabla hatujafuta kitu. Nakala ambayo hujaifungua usiiamini."

Akalibonyeza. Halafu sauti ya mama ikajaa chumba: "Abdulsalam, acha kulia wewe! Mtoto anaolewa Kaloleni, haendi Ulaya!"

Mzee akacheka huku anafuta machozi kwa kofia. Hafidha akamwegemea begani. Jabiri akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Ndipo wakaweka mfumo mpya. Ulipomaliza na kutaka kuwaka upya, Nashilu akamwambia Jabiri achomoe flashi. "Ukiiacha, itaanza kazi yote mwanzo." Akachomoa. Kompyuta ikawaka yenyewe.

Siku hizi Jabiri anapiga windo kweli. Mteja akileta kompyuta, kabla hajagusa kitu, anamuuliza, "Humu ndani yumo nani?"

Wengi wanacheka. Halafu wanakumbuka, wanasema, "Subiri kwanza, Fundi."

Naye anasubiri.