Habari Zote za Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kufagia baraza na kupangusa meza ya shangazi. Shangazi yangu ni fundi saa. Meza yake iko mbele ya nyumba, na juu yake kuna bisibisi nyembamba, vibanio vya kushikia vitu vidogo na kioo cha kukuza, ambacho hukibana jichoni bila kukishika. Nilijaribu mara nyingi kukibana hivyo, kikaanguka kila mara. Shangazi alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Tuliishi watatu: bibi, shangazi na mimi. Wazazi wangu walifanya kazi mji mwingine. Bibi alikuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo, akiondoka alfajiri. Mimi nyumbani waliniita Chiriku, kwa sababu nikianza kusema, sijui pa kukomea.

Siku nyingi nyumba yetu ilikuwa na raha. Lakini shangazi ana ugonjwa wa akili wa muda mrefu. Daktari alitueleza kwamba ni kama kisukari: hauishi, ila dawa huutuliza. Ukimpanda, husikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Hataki kula wala kuoga, na asipokuwa na mtu karibu, anaweza kutoka nje akapotea.

Siku hizo mimi ndiye niliyebaki kumwangalia, maana bibi angekosa kazini tungekula nini? Mwalimu nilimwambia tumbo linaniuma. Muhula ule tumbo liliniuma siku kumi na tisa!

"Tumbo lako lina ratiba kuliko shule hii," mwalimu aliniambia siku moja, lakini hakucheka. Alinionya kwamba nikiendelea kukosa masomo, nitarudia darasa. Nilirudi nyumbani nimenywea, na sikumwambia mtu.

Siku zile zile muuguzi wa kliniki alimweleza bibi kwamba kuna ruzuku ya watu wenye ulemavu, na kwamba hata wenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu huipata. Ingeweza kumlipa msaidizi wa kukaa na shangazi siku ngumu. Bibi akaomba. Tukaambiwa afisa wa ustawi wa jamii atakuja nyumbani kuona hali.

Asubuhi ya siku hiyo bibi aliomba ruhusa kazini. Alipiga deki mara mbili, akapanga viti, kisha akaninyooshea kidole.

"Chiriku, leo ufunge mdomo."

"Hata salamu, bibi?"

"Salamu utaitikia. Ukishaitikia, funga!"

Afisa alikuwa mwanamume mpole mwenye faili kubwa kwapani. Alimkuta shangazi mezani pake, mzima, katika gauni lake la kijani.

"Shikamoo, mama. Habari za hapa?" alimwamkia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Nzuri tu."

"Na mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Vizuri, tunashukuru."

"Anapika mwenyewe?"

"Anapika, tena vizuri kunishinda mimi."

"Dawa je, anakunywa bila kukumbushwa?"

"Bila shida yoyote."

Bibi hakuwa akisema uongo. Siku njema mambo ndivyo yalivyokuwa. Tena shangazi, kwa ukarimu wake, aliiona saa ya afisa imesimama, akaiomba, akaifungua, na kabla chai haijapoa saa ikawa inatembea. Afisa alifurahi sana. Bibi naye alitabasamu kama mama wa bibi harusi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha afisa. Nikaona anaandika: *Anajitegemea. Hahitaji msaidizi.*

Nikinyamaza, msaidizi hapatikani, nami narudia darasa. Nikisema, namwaibisha shangazi mbele ya mgeni. Nilimpenda shangazi kuliko mtu yeyote, ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito.

"Si kila siku," nikasema.

Bibi alinitupia jicho. "Chiriku, kachote maji."

"Ndoo zimejaa, bibi. Umenichotesha tangu asubuhi."

Afisa aliweka kalamu chini. "Si kila siku vipi, binti?"

Yakanitoka yote kwa mkupuo. Nilisema kwamba mwezi uliopita shangazi alilala siku kumi na moja, kwamba dawa nilimpa mimi kwa kijiko cha uji, kwamba nilifunga mlango kwa ufunguo nikakaa mlangoni ili asitoke. Nilisema na habari za tumbo langu la uongo. Bibi alijifunika uso kwa khanga.

Shangazi alikiondoa kioo jichoni, akanigeukia.

"Ulikosa shule kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi sikujua." Akamgeukia mgeni. "Afisa, asemayo mtoto ni kweli. Andika."

"Mwanangu, unisamehe," bibi alimwambia afisa. "Mimi nimelelewa hivyo. Mgeni akiuliza habari, unamjibu nzuri."

"Mama, leo mimi si mgeni, mimi ni mtu wa kazi," afisa alisema, akifuta alichoandika. "Kujua kutengeneza saa hakumnyimi mtu haki yake. Ninachotaka kujua ni hiki: ugonjwa ukija, nani anaishika nyumba? Nisingeambiwa, ningewanyima msaada huku nikidhani nimetenda haki."

Alianza upya swali la kwanza. Safari hii tulijibu sote watatu, na shangazi ndiye aliyesema zaidi.

Baada ya wiki sita barua ilikuja: ombi limekubaliwa. Ugonjwa ulipopanda tena, mama mmoja mtulivu aliyefunzwa kazi hiyo alikuja kila asubuhi, akamwangalia shangazi mpaka bibi aliporudi. Mimi sikukosa shule hata siku moja.

Shangazi alipopata nafuu, alifunga meza yake asubuhi na kunisindikiza shuleni. Mbele ya mwalimu nilikiri uongo wangu, naye shangazi akaeleza ugonjwa wake bila kuficha. Mwalimu alimshukuru, akaahidi kunifundisha jioni masomo yaliyonipita.

Tulipotoka ofisini, shangazi aliinama akaniweka sawa kola.

"Kuugua si aibu, Chiriku," alisema. "Tulificha ili tuonekane wazima, na wewe ndiye uliyekuwa ukiumia. Mtu akikuuliza ili akusaidie, mweleze mazuri na magumu yote, usimpunguzie. Siku ile ulipomwambia afisa ukweli, hukuniaibisha hata kidogo. Ulinitetea."

Kengele ikalia. Nilimkumbatia mbele ya wenzangu wote, kisha nikakimbilia darasani kwangu.