Vidonge Chini ya Godoro

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kusema, alimfunga bibi yake vifungo vya blauzi na kumpa uji. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake. Sasa mikono hiyo ilitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson.

Zamani walikula pamoja sebuleni. Siku moja rafiki za Chiriku walikuwepo, bibi akamwaga chai, wakaangua kicheko. Kesho yake Chiriku akasema, "Bibi, uwe unakula chumbani. Kule kumetulia."

"Haya, mjukuu wangu," bibi akaitikia.

Tangu hapo alinyong'onyea. Sauti ikafifia, akakonda, akashinda akitazama ukuta. Mama alimbembeleza mpaka akachoka. Jumamosi moja Chiriku alipotandika kitanda, alikuta chini ya godoro vidonge tele vilivyofungwa kwenye leso.

"Bibi, si dawa zako hizi?"

"Ninywe za nini? Mzigo hautibiwi, mwanangu. Mzigo hutuliwa."

Chiriku alilia mpaka kwikwi zikamkaba. Mama aliposikia, alimpeleka bibi hospitali siku ileile, na Chiriku akafuatana nao.

Daktari alimtembeza bibi polepole, akampima. "Kuacha dawa kumemrudisha nyuma," alisema. "Na ni kweli, ugonjwa huu ukizidi maisha huwa magumu. Lakini ninao wagonjwa wanaotetemeka kumshinda, na bado wanataka kuishi. Kuna nini nyumbani?"

 Chiriku akasogea mbele ya mama.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwonea aibu. Nilimtoa mezani."

"Nilijua," bibi akanong'ona. "Masikio yangu hayatetemeki."

Dawa zilianza upya, kwa saa zake. Bibi alinunuliwa kikombe kizito chenye mfuniko, akarudi mezani. Siku za kwanza hakusema neno, na Chiriku alidhani amekiri kosa akiwa amechelewa. Wiki ya tatu jirani mjamzito alikuja akilalamika kuvimba miguu. Bibi akamhoji maswali kumi, kwa sauti ndogo lakini kali, kisha akamwamuru aende kliniki upesi.

Mikono haikuacha kutetemeka. Lakini bibi alimaliza sahani yake.

Walipomrudisha hospitali, daktari alimpima tena, kisha akamgeukia Chiriku. "Ugonjwa humpunguzia mtu nguvu," alisema. "Sisi tusimpunguzie watu wa kukaa naye. Na ukikosea, sema wazi kama ulivyosema wewe."