Masharti Aliyonyimwa Wifi

Wana Katubuka, na ninyi wa Ujiji mliooleana nasi, sogeeni. Yaliyoifika nyumba ya Adolf yanaweza kuifika ya kwenu.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa shwari. Adolf, fundi wa injini za maboti, alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, pua imezibwa kwa vitambaa vya hospitali. Mashine ya kupumulia ilivuma polepole kando yake, na mkewe Verediana alikuwa jikoni anapoza uji.

Kwa muda mrefu mume huyu alikuwa akikoroma mpaka pumzi inakatika usingizini. Ananyamaza kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyeopolewa ziwani. Hospitali wakampa mashine ya kumsukumia hewa kila alalapo. Lakini ukuta wa katikati ya pua yake ulikuwa umepinda, hewa ikapita kwa shida. Ndipo akapasuliwa pua, ili mashine impe nafuu zaidi.

"Hodi humu!"

Verediana aliitambua sauti. Alikuwa Agnesi, dada mkubwa wa Adolf, amefika kutoka Ujiji na begi lake. Siku ya msiba wa mama yao, Agnesi alitamka mbele ya waombolezaji kwamba Verediana alimnyima marehemu chakula. Tangu hapo mawifi hao walisalimiana kwa vijembe.

"Nimekuja kumuuguza ndugu yangu," Agnesi alisema bila kukaa. "Humu ndani wagonjwa hawadumu."

"Karibu, wifi. Begi ingiza, ulimi uache nje."

Sasa sikilizeni. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia Verediana kwa msisitizo: "Barakoa ya puani iache kwanza. Tumia hii kubwa, inafunika mdomo na pua, nimeipima mwenyewe. Kila akilala avae, hata mchana. Asilale chali; aegemezwe mito, kichwa na kifua viinuke. Asipewe dawa ya usingizi, pombe, wala kidonge chochote ambacho sikuandika. Na kila atakayemuuguza, mwambie hivyo hivyo."

Verediana alitakiwa kwenda mwalo wa Katonga, wavuvi wanakoshusha samaki, kuchukua migebuka yake ya kuuza. Alipokuwa anajifunga kanga, Agnesi akamuuliza, "Kuna la kuzingatia kwa mgonjwa?"

Maneno yalimfika Verediana mpaka kwenye meno. Akayameza. Si anajifanya mjuzi wa kila kitu? Na ajue na hili.

"Muulize ndugu yako," akajibu, akatoka.

Ndugu mwenyewe alikuwa na vitambaa puani na usingizi machoni. Ewe msikilizaji, angeulizwa nini?

Haukupita muda, Adolf akaanza kuguna kwa maumivu. Agnesi alisogea, akahisi upepo wa mashine ukivuja pembeni ya barakoa, akaogopa. "Upepo huu utafumua kidonda," alisema. Akamvua barakoa, akazima mashine, akaondoa mito ili alale vizuri. Kisha akatoa kwenye begi kidonge chake mwenyewe cha usingizi, akamnywesha na maji. Tusimsingizie: alifanya hayo kwa huruma.

Verediana alirudi mchana, beseni la samaki kichwani. Alikuta nyumba kimya, na wifi yake ameketi mlangoni anatabasamu.

"Umeona? Kwangu mimi hata hakoromi."

Beseni likaanguka. Verediana alikimbilia ndani, akamkuta mumewe chali, midomo imekuwa ya zambarau, kifua kinatikisika bila kuvuta hewa.

"Umempa nini?"

"Kidonge tu cha usingizi!"

"Mungu wangu! Mwinue! Mkalishe!"

Wakamkalisha kwa nguvu, wakamwita jina, wakampiga mashavu, mpaka akavuta pumzi moja nzito, kisha nyingine. Jirani yao Samson alileta bajaji. Humo ndani walimshikilia Adolf huku na huku, na hata hapo hawakuacha kutukanana.

"Muuaji!"

"Muuaji ni wewe!"

Hospitalini walimwahi. Daktari alipotoka chumba cha mahututi, hakuwapa pole. "Nani aliambiwa masharti?"

"Mimi," Verediana alisema.

"Na nani alimpa kidonge?"

"Mimi," Agnesi akajibu, kisha akamgeukia mwenzake, machozi yanamtoka. "Ungeniambia, Verediana. Ungeniambia hata kwa matusi."



Adolf yu hai. Lakini ubongo wake ulikosa hewa. Mkono hauwezi tena kushika spana, na wenye maboti wamehamia kwa mafundi wengine. Mawifi wale hawapendani mpaka leo. Ila mmoja akitoka, humweleza mwenzake mgonjwa amekula nini, amemeza nini, na kama mashine inafanya kazi. Adolf huwasikiliza tu. Siku nyingine humwita mkewe dada.

FUNZO

Ndugu zangu, mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, kupasuliwa pua hakumponyi moja kwa moja, na siku zinazofuata ndizo za hatari zaidi. Awaambie madaktari mapema kuhusu maradhi yake na mashine yake. Asibadilishiwe barakoa wala asipewe kidonge kwa kubahatisha, ulizeni hospitali. Na anayemuuguza ajue kwamba mgonjwa aliyenyamaza huenda hajapata nafuu.

Zaidi ya hayo, ugomvi wenu usifike kitandani kwa mgonjwa. Mchukie wifi yako ukipenda, lakini mpe masharti ya daktari.