Masale ya Ghorofa ya Tano

Mimi si mtu wa majini na mapepo. Mtu akinianzia habari za kukabwa usingizini, namwambia apunguze ugali wa usiku. Lakini haya yaliyompata dada yangu Blandina hapa Croydon, London, nimeyaona kwa macho yangu, na sina tena ubishi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Nilitoka kazini, nikashuka kwenye tramu, nikapanda lifti hadi ghorofa ya tano. Dada alikuwa anamenya ndizi. Shemeji Anselme, Mkongo mpole anayepeleka vifurushi kwa gari, alijinyoosha kwenye kochi. Binti yao Emma, wa miaka sita, alikuwa anachora sakafuni. Emma kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa vizuri, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na mimi humtishia kwamba nitampeleka Marangu akachunge mbuzi.

Kando ya dirisha la sebuleni niliona chungu chenye sale, mmea ule wa majani marefu ya kijani. Hapa London masale huuzwa madukani kama pambo, utayakuta hadi maofisini. Kwetu Uchaggani tunayapanda kwenye mipaka ya mashamba. Na ukimkosea mtu, kisha ukampelekea sale, hawezi kukunyima msamaha.

"Mmelipata wapi?" niliuliza.

"Kalileta Anselme," dada alisema.

Anselme alifumbua macho. "Mimi? Nilifikiri ni wewe."

Mimi na dada tulicheka. Yeye hakucheka. Alilibeba lile sale na chungu chake, akashuka nalo hadi kwenye mapipa ya taka.

Jumamosi iliyofuata nililikuta palepale dirishani, na la pili lilikuwa limesimama kwenye ukuta wa upande wa pili. Katikati ya hayo mawili zulia lilikuwa limelowa mstari mmoja ulionyooka. Nusu ya sebule iliyokuwa ng'ambo ya mstari ilikuwa baridi. Taa ya huko ilikuwa haiwaki. Palinuka udongo baada ya mvua. Mdoli wa Emma ulikuwa umeachwa huko kwenye kochi, na hakuna aliyekwenda kuuchukua.

Nilimfuata Anselme jikoni nikamkaba kwa maswali. Aliongea kwa kunong'ona, macho mlangoni.

"Shemeji, kwenye vita ya kwetu nilikuwa askari. Miaka mbili hatukulipwa. Tulikula mihogo mibichi. Siku moja komanda akatuambia, franga haiko, lakini udongo iko."

Walipewa kilima cha Kalambiro, chenye udongo mwekundu. Wenye kilima walikuwa wa upande mwingine wa vita, wakafukuzwa, na kila askari akapimiwa kipande chake na kupandiwa masale mpakani. Huo ndio ukawa mshahara. Kipande cha Anselme kilikuwa na nyumba, na ndani yake mama mmoja aliyekataa kuondoka, yeye na binti yake mdogo.

"Mkawafanya nini?"

"Mimi nilisimama tu kwenye mpaka. Wengine ndio waliingia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mama alitoka. Mtoto hakutoka."

Shamba aliliuza kwa tajiri wa mjini, na ndilo lililomfikisha London. Yule mama, Anselme hajui kama yuko hai au kafa. Nilitaka kumtukana, lakini nilimshika mkono nikampeleka kwa dada, akamweleza yote.

Mpaka ulisogea. Sebule yote ilikwenda ng'ambo, kisha bafu, kisha chumba cha wazazi. Waliyatupa masale, yakarudi na mizizi mibichi. Mchungaji alikuja kuomba, akaondoka kwa ngazi bila kusubiri lifti. Niliwahamishia kwangu Tooting. Asubuhi nilikuta sale limeota kwenye sinki langu, na Emma amesimama mbele yake anaonyesha mlango, anataka kurudi kwao. Dada aliacha kula. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa kanga kama kichanga, akipika amembeba, akilala amekaa.

Walirudi Croydon kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Kilichobaki kilikuwa korido, jiko na chumba cha Emma.

Alasiri moja ya Desemba, giza limeshashika dirisha, dada alimteremsha mtoto mgongoni ili amkorogee uji. Ni dakika ngapi hizo? Tuligeuka, Emma hayupo. Tulikimbia koridoni. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Chungu chenye sale kilikuwa kimesimama pembeni, kimeegemea fremu. Emma alikuwa ndani, ameketi zuliani, ametupa mgongo.

"Emma, njoo," dada alisema.

Alijaribu kuingia. Mguu ulikataa. Nami nilijaribu. Goti langu liligoma kupinda.

Emma aligeuka. Hakujibu Kiingereza.

"Huku ni kwa benyewe, Mama."

Kwa wenyewe. Kiswahili cha huko milimani kwa akina Anselme, ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha.

Dada alipiga yowe. Kisha akamshika mumewe shati. "Piga magoti! Chukua hilo sale, muombe huyo mama msamaha. Liweke mlangoni kwa mkono wako. Hawezi kukataa!"

"Blandina, kwetu haiko vile..."

"Mtoto anakwenda! Anselme! Mtoto wangu anakwenda!"

Alipiga magoti. Alikinyanyua chungu kwa mikono miwili, akakiweka katikati ya kizingiti. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye majani. "Mama, unisamehe," alisema.

Ikatoka sauti ya mwanamke ndani ya chumba kisichokuwa na mwanamke. Ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Aksanti. Amepanda mwenyewe."

Anselme alibaki palepale, mikono ingali imeshika chungu.

"Kwetu," alininong'oneza, "ukipanda mpaka kwa mkono wako, umetoa. Yote yenye iko ndani, umetoa."

Dada alisikia.

Emma hakufa wala hakupotea. Daktari alifika, akamtazama kutoka mlangoni, akasema ana afya. Anakula. Analala. Ila hatoki chumbani, na sisi hatuingii. Baba yake hushinda koridoni amekaa chini, na mtoto humsalimu vizuri tu, kama mtu wa nyumba ya pili.

Jana nilimpelekea wali na nyama. Theluji ilikuwa inaanguka nje. Alipokea sahani kizingitini kwa mikono miwili, akanishukuru, akanisogelea sikio.

"Jirani," aliniuliza, "ule mama analia kila siku huko kwenu ni nani?"

Dada alikuwa nyuma yangu.

Baadaye Emma aliirudisha sahani, imeoshwa. Kama jirani mwenye adabu, hakuirudisha tupu. Alikuwa ametia maharage mabichi, bado yamo kwenye maganda, yana umande na udongo mwekundu. Yako jikoni kwangu mpaka sasa, na sijui niyafanyeje.