Kipimo Chumbani mwa Hinda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hinda alifungua zizi nyuma ya nyumba yao mjini Takaba, akawapa mbuzi maji, kisha akamkama Adey, mbuzi mweupe aliyewapa maziwa ya chai. Karibu na zizi ulisimama mnara wa simu. Hapo ndipo Ayeyo Fatumo, bibi yake, alipoketi kila jioni na simu ya mama ili azungumze na binti yake Kowsar, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Dagahaley. Kowsar alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Jumamosi moja Hinda alitumwa kuchunga mbuzi. Yeye akachukua simu ya mama kwa siri, akakaa kando ya ua wa mnara kutazama video. Alipoinua macho, mbuzi walikuwa wameshafika kwenye jalala la soko, na Adey alikuwa akitafuna mifuko ya nailoni kama majani mabichi. Hinda alimfukuza, akarudi nyumbani kimya. Baada ya siku chache Adey alivimba tumbo, akafa.

"Huyu mbuzi alikula nini?" baba yake, Abdisalam, aliuliza.

"Alikula majani pale kwa mnara tu, Aabo," Hinda alijibu. Kisha, kwa kuogopa swali la pili, akaongeza, "Hata mimi nikikaa pale kichwa kinaniuma."

Maskini, alidhani ameponyoka! Watu walikuwa wakinong'ona kuhusu mnara ule tangu ulipojengwa, na sasa walipata ushahidi. Mama alimsomea Kurani, akampaka mafuta ya habasoda, akamzuia kwenda shule. Baba yake alipigilia mabati kwenye kuta za chumba chake na kuziba dirisha, eti mawimbi ya mnara yasipenye. Chumba kikawa tanuri. Mchana kutwa Hinda alilala mkekani akitokwa jasho, akiwasikia wenzake wakicheza nje.

Wazee walikutana uani kwao, wakakubaliana kwamba baada ya swala ya Ijumaa wangemshinikiza chifu mnara uzimwe. Nyuma ya mabati, Hinda alimsikia Ayeyo akiuliza, "Na Kowsar je? Akijifungua, nitajuaje?"

Mzee mmoja aliyeitwa Warsame aliuliza kama mtoto huyo anaaminika.

"Wallahi, binti yangu hasemi uongo," alisema baba.

Hinda alijifunika uso kwa shungi. Akinyamaza, bibi angekosa sauti ya mwanawe. Akisema kweli, baba angeaibika mbele ya wazee. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona.

Alhamisi chifu, aliyekuwa amesikia habari hizo, alimleta Injinia Bishara, mwanamke mzaliwa wa Wajir ambaye kazi yake ilikuwa kupima mawimbi ya redio na simu mahali watu wanapoishi. Chombo chake kilikuwa na kichwa cha duara na kioo kidogo cha namba. Alipima zizini, kisimani na shuleni, huku Abdisalam na Mzee Warsame wakimfuata unyounyo.

"Wazee wangu," alisema, "tuseme kiwango kinachoruhusiwa ni debe zima la maji. Huku kote sijapata zaidi ya vijiko vichache. Mnara hurusha mawimbi yake mbali, juu ya vichwa vyetu."

"Basi mbona mtoto anaumwa?" Warsame alibisha. "Pima chumbani kwake."

Hinda alisikia hatua zao. Tangu asubuhi alikuwa na simu ya mama, aliyoiiba ili amtumie rafiki yake Samsam ujumbe wa sauti, na ujumbe wenyewe ulikuwa umekataa kwenda. Aliisukuma chini ya mkeka.

Mlangoni namba zilikuwa ndogo mno. Bishara alipoukaribia mkeka, zikapanda.

"Yamepenya!" baba alishtuka.

"Hapana, mzee. Mabati yako yamezuia mawimbi ya mnara barabara. Kuna kitu humu ndani kinachotoa mawimbi yake. Simu ikikosa mtandao hupaza sauti ili mnara uisikie. Bado iko chini ya kiwango, msiogope. Lakini kuna simu humu."

"Simu yangu imepotea tangu asubuhi!" mama alisema.

Wote wakamtazama Hinda. Aliitoa. Angeweza kuishia hapo, aonekane mwizi wa simu tu. Lakini alimwona Ayeyo amesimama mlangoni, akiitazama simu ile.

"Aabo, nisamehe. Kichwa hakikuniuma. Adey alikula nailoni jalalani. Nilimwona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa natazama video."

Warsame alikohoa. Abdisalam aliinamisha kichwa. "Niliapa kwa ajili yako, Hinda," alisema polepole, na maneno hayo yalimuuma Hinda kuliko fimbo.

Ayeyo alichukua simu, akatoka nayo nje. Haikuchukua muda ikalia. Kowsar alikuwa amejifungua usiku, na tangu asubuhi alikuwa akipiga simu bila kupatikana. Ayeyo alicheka na kulia pamoja.

"Alhamdulillahi! Ni msichana!"

Ijumaa, baada ya swala, Abdisalam aliwaeleza wazee ukweli wote, na Hinda akasimama kando yake akaomba radhi kwa kinywa chake. Mnara haukuzimwa.

Waliporudi, Ayeyo alimketisha Hinda karibu naye.

"Mjukuu wangu, baba yako alipigilia mabati ya pili," alisema. "Ya kwanza uliyapigilia wewe mwenyewe, siku ile ulipoulizwa ukajibu uongo. Kosa la kupoteza mbuzi lingekwisha siku hiyo hiyo. Mtu akikosea na aseme mapema, mlango ukiwa bado wazi."

Baba alikuja na nyundo, akampa Hinda.

"Ng'oa misumari," alisema. "Mabati haya tunakwenda kuzungushia jalala, mbuzi wa watu wasife tena."

Hinda aliishika nyundo kwa mikono miwili, akaanza na dirisha.