Niitikie

Tk.

Sauti moja tu. Kama ukucha uliogusa kioo, ukaondoka.

Mimi ni fundi wa miwani. Nakata lenzi, nazisugua, nazipachika kwenye fremu. Kioo kikilia nakijua: kinapopasuka, kinapokwaruzwa, kinapowekwa mezani na mtu mwenye hasira. Sauti hii haikuwa mojawapo. Ilitoka ukutani, nyuma ya kichwa changu, na ukuta ule hauna dirisha wala kioo. Nikasubiri.

Kisha likaja jina. Nalo halikuwa langu.

"Chiriku..."

Nikavuta shuka hadi kidevuni, nikawasha simu. Nikatazama watu wanaopika, watu wanaoanguka, watu wanaogombana, mmoja baada ya mwingine, hadi kukapambazuka. Ndivyo nilivyokuwa nikilala siku hizo. Yaani ndivyo nilivyokuwa silali.

Chiriku ni dada yangu. Mama ndiye aliyembandika jina hilo utotoni kwa sababu ya mdomo wake; alikuwa anapiga soga hata usingizini. Mama alipofariki, jina likaenda naye. Shemeji halitumii kabisa, kazini wanamwita Madam, na mimi siku zote namwita Dada.

Kazi yake ni kupokea simu za wateja. Anavaa vipokea sauti masikioni asubuhi, anavivua jioni, na katikati ya hapo anaitika watu asiowaona, wengi wao wakiwa wamekasirika. Miezi michache kabla ya usiku huo alikuwa amekonda. Macho mekundu. Ukizungumza naye anageuka ghafla, anatazama nyuma, na akirudi kwako amesahau alichokuwa anasema. Wote tulisema ni kazi. Mimi nilimtania kwamba kichwa chake kimejaa kama simu, afute baadhi ya picha.

Jioni moja, jua likizama, nilimpelekea miwani ya shemeji niliyokuwa nimeikaza skrubu. Shemeji alikuwa safarini. Nyumba ilikuwa kimya, televisheni imezimwa, mapazia yamefungwa mapema. Dada aliipokea miwani bila hata kuitazama. Akasimama mlangoni mwa bafu, taulo begani.

"Nimechoka kuitika, mdogo wangu," akasema. "Naenda kuoga. Nikiitwa, niitikie."

Nikamuuliza nani atamwita na nyumba haina mtu.

"Yeyote. We niitikie tu. Kwa ile sauti yangu."

Nikacheka. Ulikuwa mchezo wetu wa zamani. Dada alikuwa akitoroka kwenda kucheza, na mama akiita kutoka jikoni, mimi ndiye niliyekuwa nikiitika kwa sauti yake nyembamba, nikiivuta mwishoni kama yeye. Mama anaridhika, anaendelea kupika. Hakuwahi kutukamata hata siku moja.

Nikajitupa kwenye kochi, nikatoa simu. Kwenye kundi la wenzangu tuliosoma pamoja kulikuwa na ubishi mkali wa mpira, matusi na vichekesho vimechanganyika. Nikazama humo. Mzima mzima.

Tk.

"Chiriku..."

"Abeee," nikaitika, kidole gumba kikiendelea kusukuma.

Hata kichwa sikuinua.

Akili ilinifikia baadaye, kidogo kidogo. Shemeji yuko safarini. Jina hilo halijatajwa tangu mazishi. Na sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma ya kabati la vyombo, kona ya sebule, mahali ambapo hata paka angepita kwa shida. Harufu ikanipitia puani, ya kitambaa kibichi kilichosahaulika kwenye ndoo hadi kikavunda.

Nikageuka.

Dada alikuwa bado amesimama mlangoni mwa bafu. Taulo begani. Mkavu kabisa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule sikusikia maji.

"Asante," akasema.

Nilidhani ananishukuru kwa ajili ya miwani.

Usiku huohuo nikaanza kuitwa.

Si kwamba kitu hicho kilinitisha mara moja. Mwanzoni nilidhani ni simu. Nasikia Tk, naitazama, hakuna ujumbe. Naiweka chini, naishika tena. Kilikuwa na tabia yake: hakikuja nikiwa nahangaika. Kilikuja pale tu akili inapotulia. Naiweka lenzi kwenye mashine, nashusha pumzi, mkono unatulia, dunia nzima inakuwa duara dogo la kioo... Tk. Chiriku. Nashtuka. Lenzi imeharibika.

Nikajifunza kutotulia. Nikala nikiwa na simu, nikatembea nikiwa na simu, nikaingia nayo msalani. Kelele zikawa blanketi langu. Baada ya wiki kadhaa sikuweza tena kusoma karatasi ya vipimo hadi mwisho; nikifika katikati, mwanzo umeshanitoka.

Mwalimu mmoja wa chekechea nilimwekea lenzi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Akakosa ngazi shuleni kwake, akavunjika mkono. Mwenye duka si mama wa makelele. Aliileta ile miwani, akaiweka mbele yangu, akaniambia niivae nione alichokiona yule mwalimu. Nikaivaa. Sakafu ikanijia usoni. Akasema kosa jingine kama hilo, nitavua koti la kazi nilitundike kwenye msumari na nisirudi. Alilisema kwa upole. Heri angefoka. Kazi ile ndiyo kitu pekee ninachokiweza duniani, na nilikuwa naitazama ikinitoka mikononi.

Nikaenda kwa daktari. Alikuwa kijana kama mimi, msikivu. Akasema akili isiyopumzika huanza kusikia vitu, na hofu ikikosa usingizi huzaa hofu nyingine. Akanishauri simu ilale nje ya chumba. Sikumbishia. Nikaifungia jikoni, nikalala gizani kama alivyoniagiza.

Kimya kikawa kikubwa.

Kikaniita hadi alfajiri.

Aliyenielewa ni msusi wa jirani na duka letu. Watu hunong'ona kwamba anajua zaidi ya kusuka nywele, hata uganga. Nilimkuta amempakata mteja kichwa, mteja yuko na simu yake, hasikii lolote. Nikamsimulia kwa sauti ya chini. Msusi hakuacha kusuka. Akaniuliza niliitika nini.

"Abee," nikasema.

"Mwanamume mzima." Akatikisa kichwa, nusura acheke, hakucheka. "Siku hizi kikilia chochote mnaitika. Hamtazami kwanza ni nani."

Akanieleza kwamba kitu kile hakinijui mimi. Kinalijua jina la dada, na kilinipata nikiwa nimevaa sauti yake, kikakaa kwangu kama mpangaji aliyekosea mlango. Dawa yake ni mwenye jina aje, aketi nami, na akiitwa aitike mwenyewe. Mara moja inatosha. Baada ya hapo kitakuwa na mtu mmoja anayejulikana, na mtu mmoja, alisema, yeye msusi anaweza kumhangaikia hadi apone. Nikamuuliza ni kitu gani hasa. Akagawa nywele kwa ncha ya kitana.

"Jina lako lenyewe kisilisikie," akasema mwishowe. "Kikilijua, huyo si mpangaji tena. Huyo ni mwenye nyumba."

Kuanzia siku hiyo nikalificha jina langu. Nikalitoa kwenye koti la kazi kwa wembe. Nikalifuta kwenye simu. Wenzangu dukani nikawaomba waniite Fundi tu. Wakanicheka kwamba nimepanda cheo bila mshahara, lakini wakakubali. Mtu akiniita njiani kwa jina, nilikuwa nakimbia kabla hajalimaliza.

Dada hakupokea simu zangu. Yeye, ambaye anaishi kwa kupokea simu. Nikampigia asubuhi, nikampigia mchana, nikamwandikia. Alama zikaonyesha amesoma. Mwishowe nikamsubiri nje ya ofisi yao wakati wanatoka. Alikuwa amenawiri. Mashavu yamejaa. Anacheka na wenzake, anamaliza sentensi zake zote. Nikamwambia naumwa, naye peke yake ndiye anayeweza kunisaidia. Akasema atakuja kwangu kesho yake magharibi.

Akaja kweli.

Akaingia akitania kwamba chumba changu kinafanana na stoo ya zahanati. Akaketi kitandani, mimi nikavuta kiti. Simu zetu zote mbili nikazizima, nikaziweka kwenye sufuria, nikafunika. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka kazini, viatu vyao vikipita mbele ya mlango, kisha vikapungua, kisha vikaisha.

Alitaka kuniita kwa jina, nikamwekea kidole mdomoni. Nikamweleza yote. Daktari, msusi, mpangaji na mwenye nyumba. Sikumficha hata neno moja, hata lile la jina langu. Kwa nini nimfiche? Ni dada yangu. Nikamwambia akiitika mara moja tu, kesho asubuhi twende pamoja kwa msusi, sitamwacha peke yake hadi apone.

Hakushtuka. Hakuuliza kitu gani. Hilo ndilo lililonichoma.

"Ulijua," nikanong'ona.

"Nilijua."

Akaanza kukunja pindo la kanga yake, akalikunjua. Akasema ilianzia kazini. Mteja mmoja alipiga, hakulalamika, hakuuliza bei. Aliuliza tu kama Chiriku yupo. Dada alikuwa anapokea simu huku anamwandikia mtu mwingine ujumbe, na mdomo ukaitika wenyewe. Tangu hapo hakulala. Kuna siku alisimama katikati ya barabara, gari likapiga honi, naye akaiitikia honi badala ya kukimbia. Alipoona dereva anavyomtazama, akajua amebakiwa na siku chache.

"Mbona mimi?"

Alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kutoa jibu la haki.

"Shemeji yako huuliza," akasema. "Akisikia kitu, anauliza nani. Wewe ukiwa na simu unaitikia chochote."

Nilitamani anidanganye. Aseme alichanganyikiwa, aseme hakujua kingetokea nini. Lakini alikuwa amenipima kama ninavyopima jicho la mteja, akalijua doa langu, akapitia hapohapo. Tena kwa mchezo wetu wa utotoni.

Akalia kidogo, bila sauti. Akaushika mkono wangu. Akasema amekubali, ataitika. Nikamwamini. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na akili yangu ikaanza kutulia, ikashuka taratibu, ikashuka...

Harufu ikaja kwanza.

Kitambaa kibichi. Ndoo.

Tk.

Dada akanibana vidole. Naye alikisikia.

"Chiriku..."

Kilikuwa karibu kuliko siku zote. Ukutani, usawa wa masikio yetu, katikati yetu sisi wawili. Sauti ya mtu aliyejaza maji mdomoni, asiyetaka yamwagike.

"Itika," nikanong'ona.

Akafumba macho. Midomo yake ikafunguka, ikajiandaa. Niliiona ile A ikiwa tayari mdomoni mwake, pumzi imeshapanda. Nikangoja. Mkono wake ulikuwa wa baridi na jasho.

"Chiriku..."

"Dada. Itika."

Akafumbua macho akanitazama. Nikakiona kitu usoni mwake kikijifunga, kama dirisha la ofisi saa za kazi zinapokwisha. Akauachia mkono wangu. Akaufuta wake kwenye kanga. Kisha akaugeukia ukuta, akakaa wima, akasafisha koo, na sauti iliyotoka haikuwa ya Chiriku wala ya dada yangu. Ilikuwa ile ya kazini, laini, yenye subira, ambayo hata mteja aliyekasirika huitii.

"Samahani kwa usumbufu," akauambia ukuta. "Aliyekuitika siku ile si mimi. Mhusika unaye hapa. Subiri kidogo, nakuunganisha naye."

Nikainuka kumziba mdomo. Kiti kikaanguka.

Akalitaja jina langu, taratibu, silabi moja moja, ili lisikike vizuri.