Uzito wa Sanduku Tupu

Sanduku lilikuwa tupu, lakini mshale wa mizani ya bafuni ulipanda kana kwamba Glenys mwenyewe ndiye aliyesimama juu yake. Akalishusha, akalipandisha tena. Mshale ukarudi palepale.

"Kel! Umeweka nini humu ndani?"

"Pumzi yangu," mumewe akajibu kutoka sebuleni. "Ndicho kitu pekee ulichonibakizia tangu uanze hii safari yako."

Glenys Pascoe alikuwa ameingoja safari hiyo tangu alipostaafu upishi wa shule: meli nyeupe, Mto Danube, kahawa mkononi na ngome zikipita dirishani. Kelvin hakuitaka. Goti linamuuma, ndege ni mwendo mrefu, na kama ni mto, si huu hapa Bremer, uliowahi kufurika na kuwafuata mpaka jikoni bila nauli? Alikubali kwa shingo upande, kisha akakataa katakata kununua sanduku jipya. Wiki hiyo mtaa mzima wa Ipswich ulikuwa umetoa vitu chakavu kando ya barabara kusubiri lori la manispaa, na kama ilivyo desturi, kila mtu alikuwa akichokonoa takataka za jirani. Mbele ya nyumba ya bibi mmoja mhamiaji aliyefariki, Kelvin akaokota sanduku la ngozi lenye mikanda. Glenys alimwambia aliache. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la Kelvin lilikuwa limeshaanza kwenye goti.

Glenys akapanga nguo zake asubuhi. Baada ya chakula cha mchana akazikuta kabatini, zimekunjwa vizuri, zimelowa, zinanuka tope. Harufu hiyo waliijua tangu mafuriko, kwa hiyo akalaumu mabomba. Akazifua, akazianika, akazipanga upya. Zikarudi kabatini. Sasa akamlaumu mume.

"Kama hutaki kwenda, sema! Usiniletee utoto."

"Nani aguse machupi yako, mwanamke?"

Glenys alitaka kulia kwa hasira. Siku iliyofuata akakaa kitandani na kikombe cha chai, mchana kweupe, macho kwenye sanduku. Na mchana huo huo kweupe mikanda ikajifungua yenyewe, blauzi yake ya maua ikainuka taratibu kama inayokaguliwa na mnunuzi sokoni, ikaelea hadi kabatini ikidondosha maji kwenye zulia, ikafuatwa na sweta, na suruali, na viatu vya kutembelea, mpaka sanduku likabaki tupu, kisha kifuniko kikajifunga kutoka ndani, na humo ndani mtu akashusha pumzi, kama abiria aliyepata kiti.

Jirani yao Ana Vaipulu, Mtonga wa visiwani, ndiye watu wa kwao waliyemwita pale wafu waliposumbua. Akaja na majani yaliyopondwa kwenye bakuli la maji. Akapiga magoti, akanusa.

"Dada," akanong'ona, "hatoi nguo zako kwa ubaya. Anatafuta nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kukaa yeye. Anataka kurudi kwao, kwenye mto wake, huohuo Danube wako."

"Na mimi je?" Glenys akafoka kwa sauti ya chini. "Maisha yangu yote nimepikia watoto wa watu! Akate tiketi yake!"

Ana hakucheka. Akanyunyiza maji ya majani, akamgeukia Kelvin. "Lirudishe ulikolitoa. Usimsemeshe, wala usimwonee huruma."

Kelvin akaliburuta huku akitukana. Aliporudi alikuwa akitabasamu.

"Hujamsemesha?" Glenys akauliza.

"Nimemwambia tu pole, bibi, ningeweza ningekubeba mwenyewe. Utani, Glen! Mtu akifa hata utani haramu?"

Lori likapita, likalisaga sanduku. Harufu ikaisha. Glenys akanunua sanduku jipya jekundu, nguo zikatulia ndani, naye akalia kwa furaha.

Asubuhi ya safari alilipima mara ya mwisho. Uzito ulikuwa sawasawa. Kelvin akaingia bafuni, kofia kichwani, amevaa tayari, yeye ambaye hata kanisani alikwenda kwa kuhimizwa. Hakuchechemea.

"Goti vipi?"

"Goti gani?"

Akalisogeza sanduku, akapanda yeye juu ya mizani, akicheka. Mshale ukapanda, ukapita uzito wake, ukapita na wa watu wawili, ukagota mwisho na kutetemeka hapo. Glenys akatazama chini. Kutoka mlangoni hadi kwenye mizani, nyayo za mumewe zilikuwa za tope.

Nje teksi ikapiga honi.

"Twende, Glenys," Kelvin akasema. "Nimengoja mno."

Miaka yote Glenys alimwomba Mungu amjalie kumsikia mumewe akisema hivyo. Kelvin akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa.